Shauri la Kisima cha Shangazi

Katika miaka yangu ya ualimu nimesema maneno mengi mbele ya watu, na sehemu kubwa ya maneno hayo imekwisha kusahauliwa na wanafunzi wangu, hata na mimi mwenyewe. Lakini yako maneno niliyoyasema alasiri moja ya Januari, mwaka wa 2011, katika baraza la kitongoji chetu karibu na Githongo, ambayo mimi sikuyasahau wala wengine hawakuyasahau. Nilisimama mbele ya wazee, nikainua bilauri ya maji mkononi, nikasema kwamba kiwanda cha kahawa kilichoko mtoni kwetu kimetia chumvi katika visima vya watu. Nilishangiliwa sana. Juma la pili yake msimamizi wa mashimo ya maji machafu ya kiwanda hicho alisimamishwa kazi. Alikuwa jirani yangu, mtu wa rika langu, na watoto wake wawili walikuwa katika darasa langu.

Msomaji asiyeijua nchi yetu hana budi kuonyeshwa kwanza mahali penyewe, kwa kuwa shauri la maji halielezeki bila ya kueleza mteremko. Githongo iko katika Imenti ya Kati, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, mlima ambao kilele chake kimefika mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Juu kuna msitu. Chini ya msitu kuna mashamba ya chai. Chini ya chai kuna kahawa na migomba. Na mtu akiendelea kushuka, joto huzidi na mvua hupungua mpaka afike katika nchi kavu ya Tharaka. Mito hutelemka kutoka mlimani kama vidole vya mkono ulionyoshwa, na kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi uliojaa nyumba na mashamba. Maji hayo yote mwisho wake ni mto Tana. Basi kila mtu kwetu ana mtu aliye juu yake na mtu aliye chini yake, na kila amwagaye kitu humwagia mwenziwe.

Kahawa ni zao la zamani kwetu. Meru ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930, baada ya zao hilo kuwa la walowezi kwa muda mrefu. Viwanda vya kumenya kahawa vilijengwa kando ya mito kwa sababu kazi yake haifanyiki bila maji. Mkulima huchuma matunda mekundu akayapeleka kiwandani siku ile ile; mashine huyavua maganda; punje zenye utelezi huachwa katika birika zichachuke kwa siku moja au zaidi; halafu huoshwa kwa maji mengi katika mifereji, zikaanikwa juani juu ya meza ndefu. Maji yatokayo huko ni mazito, yamejaa sukari, utelezi na uchachu. Yakiingia mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho huyala, na katika kula huko huimaliza hewa iliyomo majini. Viumbe vya mto hufa, na mto hunuka. Nilipokuwa mtoto, miezi ya Novemba na Desemba ilijulikana kwa harufu hiyo. Sisi tuliiona kuwa ni harufu ya karo, maana fedha ya shule ilitoka hapo, na hatukulalamika.

Mwaka wa 2006 zilitolewa kanuni za ubora wa maji chini ya sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999. Kanuni hizo zilikataza kumwaga maji machafu mtoni bila leseni na bila kuyasafisha mpaka yafikie vipimo vilivyowekwa. Kipimo kimojawapo huonyesha kiasi cha hewa ambacho uchafu utaimaliza majini katika siku tano. Kanuni zilitaka kisizidi miligramu 30 kwa lita, na maji yatokayo katika birika za kahawa huwa na maelfu. Basi mwaka wa 2009 kiwanda chetu kilichimba mashimo mapana mbali kidogo na mto, maji machafu yakaelekezwa humo yazame polepole katika udongo. Mto ulipata nafuu iliyoonekana na kila mtu. Lakini watu walianza kuulizana: maji yale yaliyozama yamekwenda wapi?

Mwaka huo huo Kenya ilishikwa na ukame mkali. Kisima cha shangazi yangu, kilichokuwa chini ya kiwanda katika mteremko ule ule, kilibaki matope. Shangazi aliwaita wachimbaji wakakizidisha kina. Walipita udongo mwekundu, wakapita jiwe laini linalovunjika kwa sururu, wakafika katika jiwe jeusi gumu lenye nyufa, na katika ufa mmoja maji yakatoka kwa wingi. Tulifurahi. Baada ya majuma machache furaha ilipungua. Sisi ni watu wa chai, na chai ya shangazi iligeuka. Haikuwa na ule wekundu unaong'aa; ilikuwa nyeusi, imefifia, hata maziwa hayakuifaa kitu. Maharagwe yake, kinyume cha hayo, yaliiva upesi kuliko ya nyumba yo yote. Siku moja alinimiminia kikombe, akaniambia, "Onja, mwanangu. Maji haya yana magadi."

Nikaonja, nikarudi nyumbani, nikaandika katika daftari langu: maji yana chumvi.

Kosa langu la kwanza liko katika mstari ule. Shangazi hakusoma shule zaidi ya madarasa mawili, lakini alikuwa amepika kwa miaka hamsini, na alitaja kwa jina lake kitu alichokiona. Mimi niliyesoma nililichukua neno lake nikalibadili kwa neno jingine lililonifaa zaidi. Kisha nikahesabu: mashimo yako juu, kisima kiko chini, mashimo yamechimbwa mwaka wa 2009, kisima kimeharibika mwaka wa 2009. Nani asingeunganisha? Kwamba kisima chenyewe nacho kilizidishwa kina mwaka ule nilijua, lakini sikuliweka jambo hilo katika hesabu.

Mwezi wa Machi, baada ya baraza lile, alinitembelea mwanafunzi wangu wa zamani, binti aliyesomea elimu ya maji na aliyekuwa akifanya kazi ya kupima visima. Nilimsimulia habari yote kwa majivuno. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza:

"Mwalimu, maji ya kisima kile yalikuwaje kabla ya mashimo kuchimbwa?"

"Yalikuwa mazuri."

"Mazuri kiasi gani? Nani aliyapima?"

Hapakuwa na mtu aliyeyapima. Hapakuwa na mtu aliyepima kisima cho chote katika mgongo wetu, si kabla ya mashimo wala kabla ya kiwanda chenyewe. Tulikuwa tunamshitaki mtu kwa kuharibu kitu ambacho hatukuwa na habari zake za mwanzo. Nilimwambia hivyo kwa sauti ndogo.

Akasema, "Basi, Mwalimu, maji ya jana hayapo tena, hatuwezi kuyateka. Tutafute maji ya leo ambayo kiwanda hakiwezi kuyafikia hata kikitaka."

Maana ya maneno yake ni hii. Maji yaliyo chini ya ardhi hayakai tuli. Hutambaa polepole kufuata mteremko, mengine kwa mwendo wa hatua chache tu katika mwaka. Mashimo ya kiwanda hayawezi kuharibu kisima kilicho juu yao. Tena mto uliomo bondeni huyavuta maji ya ardhi kutoka kingo zake zote mbili, kwa hiyo ni shida kwa uchafu wa ukingo mmoja kupanda katika ukingo wa pili. Visima vilivyo juu ya kiwanda na visima vya ng'ambo ya mto, vikiwa katika udongo na mawe ya namna moja na yetu, vinaweza kusimama mahali pa ushahidi uliopotea. Vitaonyesha chumvi ya asili ya nchi, yaani ile ambayo ingalikuwamo majini hata kama kiwanda kisingalijengwa. Hiyo ikijulikana, ndipo mtu anaweza kuitoa katika jumla na kuona kilichozidi.

Alikuwa na chombo kidogo kinachoshikika mkononi, chenye ncha mbili za madini. Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida sana. Chumvi za kila namna zilizoyeyuka ndizo zinazoupitisha. Chombo hupima wepesi wa umeme kupita katika maji na kutoa namba kwa kipimo kiitwacho maikrosimensi. Mtu akichukua namba hiyo akatwaa karibu theluthi mbili yake, atapata kwa makadirio miligramu za chumvi zote zilizomo katika lita moja. Chombo hakisemi ni chumvi gani. Husema ni nyingi au chache. Kwa kujua aina zake hapana budi chupa zipelekwe maabara. Fedha za maabara nilizitoa mwenyewe, na mke wangu ana maoni yake juu ya jambo hilo.

Tulianza na mvua, iliyokuwa imeanza kunyesha. Tulikinga katika sufuria safi uwanjani, mbali na mabati, na chombo kikaonyesha namba ndogo sana. Tukapanda mpaka kando ya msitu, tukapima kijito kinachotoka humo: namba ilizidi ile ya mvua, lakini bado ilikuwa ndogo. Kisha tukashika visima, kumi na viwili kwa jumla: vitatu juu ya kiwanda, vitano chini yake na vinne ng'ambo ya mto. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Maji yaliyolala kisimani hayana budi kuchotwa kwanza na kumwagwa, ili yanayopimwa yawe ni yale yanayoingia kutoka ardhini. Chupa huoshwa mara tatu kwa maji yale yale yatakayotiwa ndani yake, hujazwa mpaka mdomoni pasibaki hewa, ikaandikwa jina la mahali, tarehe na saa. Kina cha kila kisima tulikipima kwa kamba yenye jiwe na mafundo. Kila nyumba ilitaka kujua habari, kila nyumba ilitupa uji au ndizi, na kwa hiyo kazi ya siku moja ilichukua siku nne. Tena tuliirudia Septemba, wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua huzimua maji ya visima. Na mara ya tatu Desemba, kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi usiku na mchana. Katika muda huo wote jirani yangu alikuwa bila kazi. Karo ya mtoto wake mkubwa ilipokosekana, mtoto alihamia kwa mjomba wake, na dawati lake darasani mwangu likabaki tupu.

Sitausahau usiku tulioketi mezani na namba zile. Mimi nilikuwa nimevipanga visima kwa umbali wake kutoka kiwandani, kilicho karibu kwanza na kilicho mbali mwisho, nikitazamia kuona chumvi ikipungua hatua kwa hatua. Namba hazikunitii. Zilipanda na kushuka kama mbuzi majabalini. Kisima cha shangazi kilikuwa na namba kubwa, lakini visima viwili vilivyokaribia mashimo kuliko chake vilikuwa na namba ndogo. Na ng'ambo ya mto, katika shamba lililo juu kuliko kiwanda, palikuwa na kisima chenye namba kumpita hata shangazi. Binti yule alilichukua karatasi langu, akaligeuza, akaviandika visima upya nyuma yake. Safari hii hakufuata umbali, alifuata kina. Vifupi, vinavyoishia katika udongo mwekundu, vilikuja kwanza. Vilivyofika katika jiwe laini vikafuata. Vile vinne vilivyogusa jiwe jeusi vikawa mwisho. Namba zilijipanga zenyewe kama wanafunzi wanaposikia kengele.

Majibu ya maabara yalieleza sababu. Maji ya shangazi yalikuwa na sodiamu nyingi na baikabonati nyingi, na kloridi kidogo. Kloridi ikiungana na sodiamu ndiyo chumvi ya jikoni, ndiyo chumvi ya bahari. Baikabonati pamoja na sodiamu ni ukoo wa magadi, kitu ambacho mpishi hukitia katika maharagwe ili yalainike upesi, na ambacho kikiingia katika chai huifanya nyeusi. Mvua ikipita katika udongo huchukua hewa ya ukaa inayotoka katika mizizi na majani yaliyooza, ikawa na ukali kidogo. Ukali huo huyala polepole mawe ya volkano ambayo mlima wetu umejengwa kwayo, na mawe huachia sodiamu. Kadiri maji yanavyokaa zaidi ndani ya mawe ndivyo yanavyochukua zaidi. Maji ya kisima kifupi ni mvua ya juzi. Maji ya jiwe jeusi yalinyesha zamani. Kwa habari ya kahawa, maganda na utelezi wake una potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Kama mashimo yangalikifikia kisima cha shangazi, potasiamu ingalikuja kushuhudia. Potasiamu ilikuwa chache.

Shangazi, basi, alikuwa amelitoa jibu la maabara tangu mwaka wa 2009, kwa neno moja, na bila malipo.

Nilipolielewa jambo hili nililiona kila mahali katika Afrika Mashariki. Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ni mfano wake mkubwa: maji yenye magadi hutoka ardhini katika Bonde la Ufa, jua huyakausha, na magadi hubaki yamelala kama sakafu nyeupe. Katika Garissa na Wajir kuna hazina kubwa ya maji ya ardhini iitwayo Merti. Katikati yake maji ni matamu, na ndiyo yaliyozinywesha kambi za wakimbizi za Dadaab tangu mwaka wa 1991, lakini ukienda upande huu au upande ule wa ukanda huo utakuta maji ya chumvi, na hakuna kiwanda kilichoyatia. Lamu nako watu hutegemea visima vya vilima vya mchanga vya Shela, ambako maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari; yakitekwa kupita kiasi, bahari huingia. Kila nchi ina chumvi yake, na kila chumvi ina njia yake ya kuingia majini.

Nilimwuliza binti kama maji ya shangazi yanadhuru. Alinijibu kwamba Shirika la Afya Duniani huyahesabu maji kuwa ya ladha njema ikiwa chumvi zote zilizomo hazifiki miligramu 600 kwa lita, na zikipita 1,000 watu wengi huanza kuyakataa. Ya shangazi yalikuwa kati ya hapo. "Ulimi hukataa upesi," akasema. "Lakini uogope kile ambacho ulimi hakikijui." Alikuwa na maana ya floridi, isiyo na ladha wala rangi, ambayo hutoka katika mawe hayo hayo ya volkano. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho shirika hilo limekiweka, meno ya watoto huweza kuwa na madoa ya hudhurungi, na ikizidi sana, mifupa huharibika. Watu wa Bonde la Ufa na wa Arusha wanaijua habari hiyo. Aliipima. Kisima cha shangazi kilikuwa chini ya kiwango hicho, nikashusha pumzi.

Ningependa kusema kwamba kiwanda kilitoka katika shauri hili kikiwa safi, maana habari ingekuwa fupi. Haikuwa hivyo. Hatua sitini chini ya mashimo palikuwa na kisima kifupi cha mama mmoja mjane. Maji yake hayakuwa na chumvi ya kutajika, lakini yalinuka kama mayai mabovu, na nguo nyeupe zilizofuliwa kwayo zilikuwa na kutu. Desemba yalikuwa mabaya kuliko Septemba. Huo ndio ulikuwa mkono wa mashimo. Uchafu wa kahawa ukioza ndani ya udongo huimaliza hewa iliyomo, na udongo mwekundu ukikosa hewa, chuma kilichomo huyeyuka na kusafiri na maji. Kikitoka nje na kuonana na hewa tena hugeuka kutu. Mama huyu alikuwa akinywa maji hayo kwa miaka miwili. Katika baraza la kwanza hakutajwa na mtu, maana hakuwa na mpwa mwalimu.

Na bado palikuwa na chupa moja. Kati ya visima kumi na viwili, kimoja tu kilikuwa na kloridi nyingi, yaani chumvi ya kweli, ile niliyoitangaza barazani. Katika chupa ile ile palikuwa na nitrati kupita miligramu 50 kwa lita, kiwango kilichowekwa kwa ajili ya usalama wa watoto wachanga. Vitu hivyo viwili vikionekana pamoja katika kisima kifupi cha mashambani, aghalabu vimetoka chooni au katika zizi la ng'ombe. Chumvi tunayoila haipotei mwilini, hutoka na kwenda zake. Kisima hicho kilikuwa hatua ishirini chini ya choo na zizi la mwenyewe. Nilisoma jina lililoandikwa juu ya chupa kwa mwandiko wangu. Kilikuwa kisima cha nyumbani kwangu.

Baraza la pili lilikutana Januari, mwaka wa 2012. Nilipoomba nafasi ya kusema watu walitulia, wakidhani nimeleta ushahidi mpya juu ya kiwanda. Nilieleza yote kwa utaratibu huu nilioandika hapa, na nilipofika katika kisima changu sauti ilinipungukia. Hapakuwa na makofi. Mzee mmoja, aliyezoea kusikiliza mashauri kuliko sisi sote, alijishika kidevu akauliza:

"Mwalimu, mwaka jana ulituambia una hakika. Mwaka huu pia una hakika. Tuishike hakika ipi?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo, na mpaka leo sijui jibu zuri kuliko nililolitoa. Nilipanga bilauri tano mezani, nikatia maji ya mvua, ya kijito, ya shangazi, ya ng'ambo na ya kwangu, nikamkabidhi mzee kile chombo. Alikitumbukiza katika bilauri moja baada ya moja, akakisafisha kila mara kama nilivyomwonyesha, na kijana mmoja akamsomea namba. Alipomaliza aliyarudia yote tangu mwanzo. Kisha akaketi, akasema, "Mwiteni yule mtu arudi."

Yule mtu alikuwa amekwisha kwenda Isiolo kutafuta kibarua. Alirudi Aprili, akapewa kazi yake. Mashimo yaliyo karibu na kisima cha mjane yalifukiwa, na mengine yakachimbwa mahali pasipo na kisima chini yake. Mama huyo alichotewa maji ya kijito kwa misimu miwili mpaka kisima chake kilipopungua harufu. Choo changu nilikifukia kwa mikono yangu, nikahamisha na zizi. Shangazi hakutikiswa na lo lote katika hayo. Alikuwa amekwisha kupata njia yake: maji ya mvua kwa chai, maji ya kisima kwa maharagwe na kufulia.

Jirani yangu hunisalimu njiani, nami humsalimu. Mwaka ule aliokosa mshahara haukurudishwa na mtu, na mtoto wake alimaliza shule kwa mjomba. Nilikwenda kwake mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni; mara ya pili alinipa kiti, lakini hakuketi.

Tangu wakati huo mimi na wanafunzi wangu tunavipima visima vile mara mbili kila mwaka, mwisho wa kiangazi na mwisho wa mvua. Daftari la kwanza limekwisha, tuko katika la tatu. Miaka michache iliyopita zilisikika habari kwamba kiwanda cha kusindika matunda huenda kikajengwa ng'ambo ya mto, na watu wawili walikuja kuniuliza kama wanaweza kunakili kurasa za upande ule. Walinakili kutwa nzima. Jioni hiyo, nilipokuwa nikifunga mlango wa darasa, nilimwona jirani yangu akipanda njia na chupa mkononi. Alikuwa amechimba kisima kipya kwake. Hakuingia ndani wala hakusema maneno mengi.

"Pima na haya," akasema, "uyaandike na tarehe."

Nikaosha kikombe mara tatu kwa maji ya chupa yake, nikatumbukiza chombo, nikamsomea namba. Aliangalia mpaka nilipomaliza kuiandika.